Wodi ya Wazazi Nyuma ya Jiko

Kuku wa Mama Mkunga walikuwa sita, na kama ungemuuliza yeye, duniani hakukuwa na kuku wengine. Hao wa majirani na hao wa sokoni walikuwa ndege tu. Wake walikuwa wazazi. Wanaingia kiotani na mzigo, wanatoka wepesi, na yai wanaloacha nyuma si la kubahatisha: zito, la kahawia, ganda gumu hata ukilibana kiganjani halitishiki. Wageni alikuwa akiwaonyesha mayai kama watu wengine wanavyoonyesha picha za harusi. Ukikaa kwake ukamaliza chai bila kuonyeshwa yai, basi ujue una lako jambo naye.

Jina la Mama Mkunga hakujipa mwenyewe. Alikuwa mkunga wa hospitali tangu usichana mpaka mvi zikamjaa kichwani, na nusu ya watu wa mtaa ule, kuanzia mwenye duka la kona hadi fundi baiskeli, mikono ya kwanza kuwashika hapa duniani ilikuwa yake. Wala hakuwaacha wasahau. Mtu mzima na heshima zake anapita na tai shingoni, anakwenda kazini, yeye anamwita toka dirishani, "Wewe! Ulitangulia miguu! Ulinitoa jasho wewe!" Ufanyeje? Unainamisha kichwa, unacheka, unamwamkia.

Alipostaafu, kitu kilichomshinda ni kimya. Miaka yote ile alikuwa mtu wa kuitwa. Mama Mkunga njoo, Mama Mkunga upesi, Mama Mkunga huyu anabadilika. Halafu siku moja wakampigia makofi, wakamlisha keki, na kuanzia kesho yake hakuna aliyemwita tena. Alikuwa akiamka, anafunga kitambaa kichwani, anakaa kwenye ukingo wa kitanda na viatu miguuni, tayari kabisa, na hana pa kwenda. Hakumwambia mtu. Angekufa kwanza kuliko kusema. Lakini binti yake, aliyeolewa mbali, alimjua mama yake, akaja na kuku kwenye tenga. "Chukua hawa, mama. Angalau upate wa kukuhangaisha."

Basi kuku wa kwanza alipotaga akaanza kutetea, Mama Mkunga aliacha chai mezani akatoka mbio kama aliyeitwa wodini.

Na wodini, lazima nikwambie, alikuwa na desturi yake. Mzazi akishajifungua salama, Mama Mkunga alikuwa anasimama miguuni pa kitanda, anampa chai yenye sukari nyingi kwenye kikombe cha bati, halafu anapaza sauti mpaka korido nzima inatikisika: "Hongera, mama weee! Kazi umeifanya!" Jamaa waliokuwa kwenye mabenchi nje hawakungoja kuambiwa na daktari. Wakisikia hongera ile, wanakumbatiana. Kikombe kile wenzake walimpa siku ya kuagana, wamekifunga vizuri kwa karatasi. Sasa kikawa kikombe cha chenga za mahindi. Kuku akitetea tu, Mama Mkunga huyo, kikombe mkononi, anamwaga chenga na kumpa mzazi haki yake, sauti ileile, haijapungua hata kidogo. Mwanamke amezaa, asipongezwe? Amekuwa nani, mwizi?

Ng'ambo ya ukuta wa ua alikaa Baragumu, dereva wa basi la usiku. Mtaa mzima ulidhani jina hilo limetokana na honi ya basi lake. Wapi! Jina alipewa na Mama Mkunga dakika aliyozaliwa, maana alitoka na kilio kikali hata mlinzi akaacha geti la hospitali akaja kuuliza nani amefariki. Sasa alikuwa mwanamume wa miraba minne, mpole, anarudi asubuhi watu wanapokwenda kazini, analala mchana, jioni anaoga na kuondoka. Mkewe alikuwa msusi, saluni yake ni baraza la nyumba, viti vya plastiki na kioo kilichotundikwa kwenye msumari, na ulimi wake ulikuwa unakwenda sambamba na vidole.

Asubuhi moja Baragumu hakupitiliza kwake. Alibisha hodi kwa Mama Mkunga, bado amevaa shati la kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona macho mekundu hivyo? Umeanza ulevi?"

"Ningekuwa mlevi si ningelala, mama." Akakaa pembeni ya kiti, kofia magotini. Akaikunja, akaikunjua. "Ni kuku, mama."

"Kuku wamefanyaje?"

"Kelele."

"Kelele!" Mama Mkunga alishika kiuno. "Wewe, Baragumu, wa kulalamikia kelele? Wewe? Siku uliyozaliwa..."

"Mlinzi aliacha geti. Najua, mama."

"Aliacha geti! Mlinzi wa serikali!"

Baragumu hakucheka. Hilo ndilo lililomfanya Mama Mkunga anyamaze amtazame vizuri. Ngozi chini ya macho ilikuwa imelegea kama ya mzee.

"Nilisinzia, mama," akasema taratibu. "Kwenye usukani. Pale kwenye mteremko, kabla ya daraja. Kope zilishuka tu kidogo. Nilipofumbua, basi liko upande usio wangu. Abiria wamejaa, wamelala, wameniamini. Kuna mtoto mchanga nyuma yangu alianza kulia, ndiye aliyenigutusha. Hakuna aliyejua. Hata mke wangu sijamwambia."

Mama Mkunga alikaa chini. Moyo ulimpiga kama anayesikia mapigo ya mtoto tumboni yanapungua. Kwenye basi lile, alifikiri, wangapi ni wangu? Nimewatoa mmoja mmoja kwa jasho, halafu wakaanguke mtoni wote kwa mkupuo, kwa sababu ya kuku wangu, Matroni na wenzake?

"Sikiliza," akasema. "Jumamosi ijayo. Ikifika Jumamosi ijayo hujalala usingizi wa maana, kuku hawa wanakwenda shambani kwa mdogo wangu."

"Mama, mimi sikusema uwaondoe."

"Nimesema mimi."

Na neno la Mama Mkunga likishatoka halirudi, hilo mtaa mzima unajua. Mdogo wake huyo wa shambani alikuwa mtu mwema, mcheshi, mkarimu kupita kiasi, lakini kwake kuku alikuwa mchuzi ambao haujaiva. Mgeni wa kwanza tu, Matroni angekuwa sufuriani. Mama Mkunga alilijua hilo, na hata hivyo akalisema neno lake. Baragumu alipoondoka, alikwenda bandani akasimama akiwatazama. "Mmesikia?" akawaambia. "Mnaniaibisha."

Lakini hakuwa mtu wa kukaa na kulia. Kesho yake alitoa kigoda, akakiweka nyuma ya kamba ya nguo, akajifunika khanga, akakaa kusikiliza. Maana kusikiliza ndiyo iliyokuwa kazi yake hasa. Enzi zake alikuwa anakaa koridoni amefumba macho, wanawake wanalia vyumba vyote, naye anawaambia wanafunzi wake, "Huyu bado. Huyu anaogopa tu, mpeni mkono ashike. Huyu, kimbieni!" Na hakuwahi kukosea. Kuku ni nani basi wamshinde?

Hawakumshinda. Kabla jua halijapanda alikuwa ameshazitenganisha sauti zao. Ile ya alfajiri, ya kulalama kwa mfululizo kama mlango mbovu, ilikuwa ya wafungwa: kumekucha, tufungulie, tuna njaa. Ile kali, ya mkato, wote shingo juu kwa pamoja, ilikuwa ya hatari, na hatari yenyewe ilikuwa paka wa mwenye duka, aliyekuwa anajilaza juu ya ukuta akijilamba miguu, wala hana haraka. Na ile ya katikati ya asubuhi, ya kunung'unika na kufoka, ilimfanya ainuke kwenda kuchungulia, na alichokiona kilimvunja mbavu. Viota vilikuwa vitatu. Viwili vitupu. Kwenye kile cha pembeni, chenye giza, alikuwa amelala Kilemba, yule mwenye kishungi, na nje Matroni amesimama anamfokea, na nyuma ya Matroni kuku mwingine, na nyuma yake mwingine tena. Foleni! Vitanda vipo, wote wanang'ang'ania kimoja.

"Kumbe!" akasema Mama Mkunga. "Mnataka stara."

Na nani asiyetaka? Aliingia ndani akafungua sanduku. Aproni zake za kijani za wodini zilikuwa mle, zimepigwa pasi, zimekunjwa. Alizitazama kidogo. Halafu akachukua mkasi. Mpaka mchana kila kiota kilikuwa na pazia lake la kijani, limeachwa upenyo wa kuku kupita, na ndani ya vile viwili vilivyosuswa aliweka jiwe jeupe la mviringo, ili mwenye kuingia aone kuna aliyemtangulia, asiogope. Pale juu ya ukuta alipopenda paka akapanga matawi ya miiba, na upande wa wavu akatundika mkeka mkuukuu ili kuku wasimwone hata akipita. Mapema asubuhi akawa anawafungulia mwenyewe kabla hawajaanza kulalama, maji safi tayari, na kabichi nzima imening'inizwa kwa kamba ili wawe na kazi ya kuidonoa badala ya kupiga domo. Nani mwingine angefikiria haya? Alijipongeza mwenyewe, kwa sauti.

Na kweli mambo yakabadilika. Malalamiko ya alfajiri yakaisha. Foleni ikaisha, Matroni alihamia kiota cha kati na kutoka humo akiwa na kiburi cha mke wa waziri. Paka akatafuta ukuta mwingine. Ikabaki sauti moja tu, ile ya kutetea baada ya kutaga, na hiyo Mama Mkunga hakuihesabu kuwa kelele. Hiyo ilikuwa furaha. Kikombe mkononi, alitoka kama kawaida, akapongeza kama kawaida.

Siku kadhaa zikapita hivyo. Akaenda zake kwa jirani, kifua mbele, kupokea shukrani.

Barazani msusi alikuwa na mteja, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka. Baragumu mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ngazi, shuka kiunoni, kikombe cha chai mkononi, mchana kweupe. Macho mekundu vilevile.

"Hujalala?" Mama Mkunga alishtuka.

"Nimejitahidi, mama."

"Lakini nimewanyamazisha!"

Baragumu alitazama chai yake. Mkewe akamtazama mumewe, akamtazama Mama Mkunga, akauma midomo. Ungeona jinsi alivyojizuia, ungemhurumia. Lakini msusi yule kujizuia hakukuweza.

"Mama, usinichukie," akasema, akachomeka kitana kichwani mwa mteja. "Ngoja nikuonyeshe sisi tunavyosikia huku. Kwanza hivi." Akatoa shingo mbele, akainua viwiko. "Ko, ko, ko, ko-keeek! Huyo kuku mmoja, tena kwa adabu tu. Mume wangu anageuka upande wa pili. Halafu." Akavuta ndara sakafuni: paa, paa, paa, paa. "Halafu." Akatikisa kopo la vibanio: cha-cha-cha. Kisha akajaza mapafu, akanyoosha mikono juu, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya Mama Mkunga mwenyewe, haikukosewa hata chembe. "HONGERA, MAMA WEEE! KAZI UMEIFANYA! Na hapo sasa, mama, ndipo wote sita wanaanza. Hata ambao hawajataga!"

Mteja alikuwa amejiinamia, mabega yanamtetemeka. Baragumu alifunika uso kwa kiganja.

"Si kuku wanaoniamsha, mama," akasema toka nyuma ya kiganja. "Nisamehe. Ni hongera."

Mama Mkunga aligeuka akaondoka, mgongo umenyooka, na alipofika ndani alifunga mlango kwa nguvu mpaka kalenda ikaanguka. Yeye! Kelele! Sauti iliyofurahisha familia za watu miaka yote ile, leo inaigizwa barazani kama kichekesho! Alizunguka jikoni akiongea peke yake. Alimwita msusi majina. Baragumu alimwita mtovu wa shukrani, na akajuta kidogo kwamba siku alipozaliwa hakumpiga kofi la matakoni zaidi.

Basi akiwa katika hasira hiyo, huko nyuma kuku mmoja akatetea. Ko, ko, ko-keeek. Na mkono wa Mama Mkunga ukaenda wenyewe kwenye kikombe.

Aliusimamisha hewani. Akasogea dirishani akachungulia.

Kuku aliyetaga alikuwa Kilemba. Lakini hakuwa akitazama kiota. Alikuwa ametazama mlango wa jikoni. Na Matroni, aliyetaga tangu asubuhi na hana deni na mtu, aliacha kabichi akaja kusimama uso kwa mlango, akafungua mdomo, akatetea naye. Akafuata wa tatu. Wote sita, shingo ndefu, jicho moja moja limekazwa mlangoni, wanapiga kelele kwa bidii kama watoto wa shule wanaongojea chakula.

"Ee Mola wangu," akasema Mama Mkunga. "Nimewafunza mimi."

Ndivyo ilivyokuwa. Kuku wakitaga hutetea kidogo, hilo ni la kuku wote. Lakini hawa walikuwa wamejifunza kwamba ukipaza sauti, mlango unafunguka, mwanamke anatoka, chenga zinamwagika. Ukipaza zaidi, zinakuja upesi zaidi. Kwa hongera yake mwenyewe, kwa kikombe chake mwenyewe, alikuwa amejenga kwaya. Aibu ilimshika. Na chini ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi, kwa sababu dawa aliijua palepale. Dawa ilikuwa asitoke. Waite, naye asije. Katika maisha yake yote Mama Mkunga hakuwahi kuitwa akakaa.

Jioni alirudi barazani. Msusi alipomwona alisimama, kitana kimemganda mkononi.

"Kaa, mwanangu. Unaigiza vizuri, pumbavu we," Mama Mkunga akasema, na msusi akapumua. Kisha akamgeukia Baragumu. "Sikiliza. Kuanzia kesho sitoki. Na nikiacha kutoka, watazidi. Watapiga kelele ambayo hujawahi kuisikia. Ni kama uchungu: pale mwanamke anapokwambia siwezi tena, niueni, ujue mtoto yuko mlangoni. Kwa hiyo kabla haijaisha itakuwa mbaya kwanza. Badilishana zamu na mwenzako, usiguse usukani mpaka nikwambie."

"Mwenzangu atakubali hadi Ijumaa tu, mama. Jumamosi usiku ni zamu yangu, haina mjadala."

"Jumamosi inatosha."

Alilisema kwa uhakika. Moyoni hakuwa na uhakika wowote.

Lo, siku ya kwanza! Kilemba alitaga, akaita, mlango haukufunguka. Akaita tena. Wenzake wakaja kumsaidia. Ilipofika saa za chai ya asubuhi wote sita walikuwa wamejipanga mbele ya mlango wa jikoni, na kelele yao ilivuka ukuta, ikavuka barabara. Mwenye duka alitoka nje kutazama. Matroni aliruka juu ya ndoo ili apate kusikika vizuri. Na ndani, Mama Mkunga alikuwa amekaa kwenye kiti amekalia mikono yake mwenyewe, viganja chini ya mapaja, machozi yanamlengalenga. Kila keeek ilimchoma. Ninaitwa, alikuwa anajiambia. Ninaitwa, na nimekaa.

Kikombe kilikuwa mezani, kinamtazama.

Ndipo akakumbuka wanafunzi wake. Wasichana wale, wakija wodini wiki ya kwanza, mikono inawawasha: wanavuta, wanabonyeza, wanakimbilia kila kilio. Naye alikuwa anawatenga kando na kuwaambia, "Kalieni mikono yenu! Kazi ya ukunga robo tatu ni kungoja. Mtoto anajua njia. Ukiingilia kabla ya wakati, wewe ndiye unayeleta matatizo." Wasichana walimchukia kwa hilo, na baadaye wakawa wakunga hodari kupita wote. Tazama sasa, mwalimu mwenyewe analia lia! Mama Mkunga alifuta macho kwa pembe ya khanga. "Kalia mikono yako," akajiamuru, na akaikalia kwelikweli.

Chenga hakuwanyima. Alingoja mchana, walipochoka na kutawanyika, kila mmoja anachakura kivyake na ua umetulia, ndipo akatoka peku, bila ndara, akamimina chenga kwa mkono, kimya kimya, akarudi ndani. Wakipiga kelele, hawapati mtu. Wakitulia, riziki inashuka. Na waelewe wenyewe, wana akili.

Siku ya pili walizidi tena, msusi akatuma ujumbe kuuliza kama mama mzima. Siku iliyofuata sauti zikaanza kupungua, kwanza moja, kisha nyingine. Ijumaa alibaki Matroni peke yake, na Matroni alikuwa mbishi. Alitetea mlangoni mpaka sauti ikakauka. Mama Mkunga, upande wa ndani wa mlango uleule, hakuweza kujizuia kumheshimu.

Ikawa Jumamosi. Tenga lile alilokuja nalo binti yake lilikuwa tayari ukutani, limefagiliwa. Mama Mkunga alikuwa amelitoa mwenyewe, maana ahadi ni ahadi. Aliketi jikoni, mlango umeachwa upenyo wa kidole, akangoja.

Matroni aliingia nyuma ya pazia la kijani. Alikaa humo kitambo. Akatoka, akajikung'uta, akaja mbele ya mlango. "Ko," akasema. "Ko, ko, ko-keeek." Akageuza kichwa, akaukazia mlango jicho. Mama Mkunga aliacha kupumua. "Ko-keeek," Matroni akarudia, lakini hii ilikuwa ya kujisemea tu, ya mtu aliyemaliza kazi yake na kujifunga khanga vizuri. Akangoja kidogo. Halafu akageuka, akaenda kwenye kabichi, akadonoa.

Kimya kama maji mtungini.

Mama Mkunga alisikia damu inarudi usoni. Alitaka kupiga vigelegele, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Akacheka humo humo ndani ya viganja, mabega yanaruka, mpaka machozi. Ameweza! Amemfundisha Matroni, na Matroni amefundishika, na hakuna yai hata moja lililopungua! Niambie daktari gani angeweza!

Muda si mrefu akasikia ndara za haraka, na msusi akatokea uani bila hodi, kitana bado mkononi, uso umemharibika.

"Mama, umeshawapeleka? Mama jamani, kwa nini? Tungevumilia!"

"Kuwapeleka akina nani?"

"Si kuku! Hatusikii kitu tangu..."

Mama Mkunga alimshika mkono, akamvuta mpaka kwenye kona ya jiko, akamwonyesha kwa kidevu. Kuku sita walikuwa kivulini, wengine wamejichimbia vumbini, mmoja amefumba jicho. Msusi alishika mdomo.

Na katika kimya hicho ndipo wakasikia. Kulikuwa na mngurumo, unapanda, unakatika, unaanza upya kwa mluzi. Ulitoka dirishani kwa Baragumu. Alikuwa anakoroma, usingizi wa pono, kukoroma ambako bati lilikuwa linaitikia.

"Maskini, yuko hivyo tangu asubuhi," msusi akanong'ona. "Nimezima mpaka redio ya mteja."

"Msikilize," Mama Mkunga akasema, kichwa kimeinuka. "Msikilize alivyo na mapafu. Huyo nilimpokea mimi, mwenyewe."

Walisimama wakisikiliza. Kisha Mama Mkunga, bila kumtazama mwenzake, akasema kwa sauti ndogo, "Tatizo ni moja tu, mwanangu. Sasa hakuna wa kuniita tena." Akajikohoza haraka, akamwambia asubiri, akaingia ndani kumletea mayai ya kupeleka nyumbani, makubwa kabisa aliyokuwa nayo, na akamwonyesha moja baada ya jingine kabla ya kumpa.

Tenga akalirudisha juu ya kabati. Jioni Baragumu aliondoka, shati limenyooka, macho meupe kabisa, na mtaa ulimsikia akipiga mluzi mpaka kona.

Asubuhi yake Mama Mkunga alikuwa jikoni anakoroga chai, ameshawafungulia kuku, kuku wanahangaika na kabichi yao. Akasikia kitu ukutani. Si kuku, si paka. Alitoka peku. Juu ya ukuta, kati ya matawi ya miiba, kulikuwa na kofia ya udereva, na chini ya kofia uso wa Baragumu, amesimama juu ya kiti cha plastiki cha mkewe.

"Mama," akaita, kwa mnong'ono. "Mama Mkunga."

"Nini? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimefika tu." Akatabasamu. "Abiria wote wazima. Sikupepesa hata jicho. Mke wangu amesema nikirudi niwe napita kukuambia kwanza, ndipo nilale. Kila siku."

Mama Mkunga alisimama, kijiko mkononi. Kifua kilimjaa mpaka kikamuuma. Hongera ilimpanda toka tumboni, ile yenyewe, ya korido nzima. Matroni aliinua kichwa toka kwenye kabichi akamtazama.

Mama Mkunga akameza mate. Akasogea mpaka ukutani, akainuka kwa ncha za vidole, akaweka mkono pembeni ya mdomo ili kuku wasisikie.

"Hongera, baba," akanong'ona. "Kazi umeifanya. Haya, nenda ukalale."